Injini Iliyopandishwa Matundu Mawili

Murielle, acha hicho unachofanya, soma hii. Pitchou amemgeuka kaka yangu Balthazar. Pitchou! Yule ambaye Balthazar mwenyewe alimwombea kazi pale gereji ya boti, mtaa wa Malvern!

Leo walipeleka boti ya mteja bwawani kuijaribu. Kaka aliihangaikia wiki nzima. Alipima injini ifungwe juu kiasi gani nyuma ya boti, akabadilisha propela mara tatu, mpaka juzi ikakimbia vizuri kabisa.

Leo mbele ya mteja, aibu tupu. Injini inapiga kelele, propela inakata hewa, boti haiendi. Mara alamu ya joto ikalia. Bosi akafoka, "Balthazar, unataka kuniunguzia injini?"

Kaka akainama kuangalia bolti zinazoishikilia injini. Eish! Injini imepandishwa matundu mawili ya bolti kutoka pale alipoifunga! Iko juu mno, hata maji ya kuipoza haivuti. Na aliyebaki na boti jana ni Pitchou peke yake.

Akamuuliza pembeni, "Ni wewe?"

Unajua alijibu nini? "Bosi anataka fundi mkuu mmoja tu, ndugu yangu. Nina watoto." Ndugu yangu! Amediriki kumwita ndugu yangu!

Kaka hakumtaja kwa bosi. Alichukua spana, akaishusha injini mwenyewe, na boti ikaondoka kwa kasi hadi mteja akashangilia.

Sasa yuko hapa kwangu, chakula hajakigusa. Ananiuliza, "Jumapili watoto wa Pitchou wakija kula kwangu kama kawaida, nitawatazamaje?"

Murielle, wewe ungemjibu nini?