Turubai Langu, Nguzo Zake

Jumatatu, 3 Juni
Bosi amekubali likizo! Nimetoka ofisini kwake natabasamu, nikafika kwenye cherehani yangu, nikalia. Ndivyo nilivyo siku hizi.

Safari ni ileile — ziwa la juu, mlimani. Mimi na mume wangu, Filimbi, tuliipanga tangu mwaka tuliooana. Tukaanza na vilima vidogo, maporomoko, lile pango la popo (nilitoka mbio, akacheka mpaka akakaa chini). Ziwa tukaliweka kiporo. Tukipata miguu ya kutosha, alikuwa anasema. Sasa miguu yake imehamia kwa mwanamke anayeuza vioo, pale yeye na wenzake wa madirisha wanapochukulia alumini. Tangu Machi.

Basi nitaenda na yangu. Nisipoliona ziwa, maana yake safari zote zile zilikuwa zake, mimi nilikuwa nafuata tu.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Vifungo, wa cherehani ya jirani, amepata habari. Kutwa nzima ananiuliza: nikiliwa na mnyama, cherehani yangu arithi nani? Nimemwambia arithi yeye, ila asinivunjie sindano. Tumecheka. Kisha akashusha sauti. Naenda kuona ziwa au kumtafuta mtu?

Nikajifanya sisikii kwa kelele za mashine. Kelele gani — yangu ilikuwa imezimwa.

Jumapili, 9 Juni
Nimefungasha. Mikono inajua yenyewe: soksi, sweta, jiko dogo la gesi, turubai la hema chini kabisa.

Hema letu hatukununua. Turubai nilishona mimi kwa mabaki ya karakana, nikibaki wenzangu wakishaondoka. Nguzo alikata yeye kwa mabomba ya madirisha, kazini kwao. Kila pindo langu linakaa kwenye bomba lake sawasawa. Hakuna nguzo nyingine duniani inayoingia mle. Tulikuwa tunajiona, sisi!

Mama amepiga simu. Mwanamke mzima kwenda kulala porini peke yako, watu watasema umechanganyikiwa. Nikamwambia, mama, nimeshachanganyikiwa hapahapa nyumbani, bora nikapate hewa. Halafu akasema nisisahau sweta.

Begi limekuwa jepesi ajabu. Nimejisifu kwamba nimepata nguvu.

Jumatano, 12 Juni
Nimefika kibanda cha chini. Miguu inawaka moto, lakini nimefika!

Mchana nilikula machungwa juu ya daraja la magogo, maji yanapita chini, nikatupa maganda moja moja kuona lipi litawahi kwenye mawe. Nilicheka peke yangu. Nilifurahi kweli, na sikumkumbuka kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba sikumkumbuka. Basi, ikaishia hapo.

Tatizo ni ukimya. Yeye akipanda mlima anapiga mluzi, wimbo wake mwenyewe usio na kichwa wala miguu, na akichoka unakatika katikati. Nilikuwa najua amechoka kabla hajasema. Aliponichoka mimi, sikusikia chochote. Alipiga mluzi mpaka siku ya kuondoka.

Alhamisi, 13 Juni
Kambi ya juu. Mungu wangu.

Nimefungua begi. Turubai lipo. Kamba zipo. Nguzo — nguzo! Nguzo hubeba yeye! Hukaa kazini kwake, anakuja nazo asubuhi ya safari. Wala sikusahau, jamani. Sijawahi kuzifungasha maishani mwangu. Nimebeba nusu ya hema mlima mzima, nikijisifu nguvu.

Na mvua hiyo inakuja. Mlinzi wa kambi, mama mmoja wa makamo mwenye buti kubwa za mpira, akatazama turubai, akanitazama mimi, akaanza kucheka huku kashika mbavu. Nikanuna. Akaniomba radhi. Jumapili, akasema, kuna bwana alikuja na nguzo bila turubai.

"Mmerogwa nyie?"

Akaenda bandani. Nilizijua kabla hajazitua. Mabomba ya madirisha, na ule utepe mwekundu niliofunga mimi.

Nikauliza kama bwana huyo alikuwa peke yake. Jibu nilikuwa nalo, mdomo ukatangulia. Hapana, alikuwa na dada mmoja, viatu vyeupe pee. Wakalala bandani humo. Asubuhi dada wa watu kajaa malengelenge, wakateremka, ziwa hawakuliona. Nguzo akaziacha ili apate kumshika mwenzake mkono. Alisema atazifuata Jumamosi.

Amemleta huku. Kwenye ziwa letu! Jumapili, mimi nikiwa nyumbani nakunja turubai, yeye alikuwa hapa na mwingine. Nimeumia mpaka meno yanauma.

Na bado — afadhali hakuna anayesoma hapa — kuna sehemu ya moyo imefurahi. Mikono yake nayo ilifungasha nusu.

Ijumaa, 14 Juni
Mvua kutwa. Hakuna ziwa.

Hema letu halisimamishwi na mtu mmoja. Mmoja anashikilia nguzo ya mbele, mwenzake anakimbia na ya nyuma. Jana mlinzi ndiye aliyekimbia, na mabuti yake, akilalamika kwamba kazi hii haimo kwenye mshahara. Nikalala upande wangu. Hema zima langu, nimejibana ukutani kama mgeni.

Mlinzi kaja na chai, tukaongea. Nimemwambia ni nani yule bwana. Safari hii hakucheka. Akasema kesho kutakucha kweupe, ila si kwa muda mrefu. Ukungu ukishashuka ziwani utaona vidole vyako tu. Niondoke alfajiri. Upande wa pili kuna kibanda cha kulala, hema silihitaji. Nguzo nimwachie yeye, atampa mwenyewe.

Sawa. Alfajiri. Potelea mbali, nimechoka kumpenda mtu aliyenipa mgongo.

Jumamosi, 15 Juni
Kweupe! Mlima wote umejitokeza. Njia ya ziwa naiona kwa macho, inapinda mara moja tu kwenye jiwe jeusi, halafu basi.

Nimefunga begi, nimefunga viatu. Nimeng'oa nguzo ya nyuma. Nikaja kwenye ya mbele.

Ndipo huko chini, kwenye miti — mluzi. Ule ule. Ukakatika. Ukaanza tena.

Naandika nimechuchumaa, bega limeegemea nguzo isianguke. Mlinzi anapiga kelele toka bandani: mbona umeganda, dada, nenda! Amenyoosha kidole juu. Ukungu umeshafika kwenye jiwe jeusi.

Ni kuvuta mara moja tu. Nimeshajiambia mara kadhaa. Nusu ya hema imelala kwenye matope, nusu imesimama, na mimi nimeishikilia kama siku zote, nikimsubiri wa nyuma.

Mluzi umekatika tena. Amechoka, yuko karibu. Sasa nasikia hatua kwenye kokoto — nasikiliza kama ni za miguu miwili au minne