Jina Nililokipa Kitabu Chako

Ndugu yangu Maduhu, ng'wana Luhende,

Mwangaluka. Najua hutaitika, lakini kuanza bila salamu nimeshindwa. Tungekutana njiani ungenitangulia wewe, ungeuliza watu wa kwangu, ng'ombe nisio nao, mvua, mguu wa mama, mpaka nisahau nilikokuwa nakwenda. Leo nauliza mimi, na jibu silipati.

Nipo maktaba. Ulikuwa unanicheka nikiiita maktaba, ukasema mbona ni kabati na meza ndani ya stoo ya pamba. Nami nilikuwa nakasirika kweli, maana kijiji kizima ni mimi tu niliyekabidhiwa funguo na daftari. Leo nimeufunga mlango kwa ndani saa za kazi, jambo ambalo mwenyekiti amelikataza. Akigonga nitamwambia napanga vitabu.

Habari za huku ni hizi. Mvua zimewahi. Shamba la ushirika limelimwa mpaka karibu na pale lori lilipotushusha siku ya kuhamia, wewe ukiwa umekumbatia jembe na kuku mmoja. Mwanao Doto sauti imekuwa nzito, na kwenye ngoma ya mbina sasa anaimba sehemu yako. Pacha wake Kulwa bado mvivu, usitegemee miujiza. Na ile taa ya karabai tumeipata. Imening'inia hapa juu ya kichwa changu, haina hata vumbi. Tumeambiwa sisi ndio kijiji kilichosoma kuliko vyote vya tarafa.

Siwezi kuitazama, Maduhu. Taa ile nimeinunua kwa jina lako.

Nimekukosea. Nimekaa na maneno hayo tangu tulipokuzika, na kila nikitaka kukuambia wewe najikuta naongea habari za pamba. Ngoja nikueleze yote, na yale unayoyajua pia, maana hukuwahi kuyasikia kinywani mwangu.

Unakumbuka siku uliyokuja ukasimama mlangoni na kofia mkononi? Ilikuwa mwezi wa tatu tangu mto umchukue mwanao Shija. Wewe ndiye uliyemtuma avushe ndama. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mvua ilikuwa imenyesha huko juu tusikokuona. Nani angejua? Watu wote tulikuambia hivyo, nani angejua, halafu tukaacha kabisa kumtaja mtoto, tukidhani tunakusaidia. Ukasimama pale ukaniuliza kama kuna kitabu cha mtu ambaye moyo wake umekaa vibaya. Uliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba dawa ya ugonjwa wa siri. Kabatini nilikuwa na cha pamba, cha kuku, cha kuchimba choo, na hotuba. Nikakuambia nitatafuta.

Na nilitafuta kweli. Hilo angalau sikulifanya vibaya. Nilipokwenda Bariadi kuchukua chaki za kisomo nilizunguka kila mahali, ofisini wakanicheka, wakaniuliza kitabu cha moyo ni cha daktari au cha mapenzi. Mwishowe nikaingia duka la Mzee Hamisi kununua chumvi, nikamkuta anachana kurasa za kijitabu kimoja anafungia bizari. Jalada lilikuwa limekwisha kwenda, na kurasa za mwanzo nazo. Nikasoma mistari miwili pale pale kaunta, ilikuwa inasema na mtu aliyefiwa, taratibu, kama jirani aliyekaa naye uani. Nikamwomba anipe. Akasema, "Chukua tu mwalimu, karatasi yake laini mno, bizari inapenya."

Nilirudi juu ya lori la pamba nimekiweka kifuani. Sijawahi kujiona mtu wa maana kama siku ile.

Sasa sikiliza kosa la kwanza. Kitabu hakikuwa na jina, na daftari langu lina safu ya jina la kitabu, nami unanijua, safu tupu hainipi usingizi. Nikakibatiza mwenyewe. Nikaandika kwa mwandiko wangu ule wa kujionyesha: Kitabu cha Wenye Huzuni. Ningeweza kuandika lolote. Ningeandika Kitabu cha Kijani, kwa vile nilikitia jalada la karatasi ya kijani. Hata Kitabu cha Maduhu kingekuwa afadhali.

Ulikisoma polepole, kidole chini ya mstari, jinsi nilivyowafundisha kwenye kisomo. Kanuni ilikuwa wiki moja, basi kila wiki ulikileta, nikakuandika upya, ukaondoka nacho. Wiki ya nne ulianza kunyoa ndevu. Wiki ya tano ulinitania tena habari ya stoo ya pamba, na mimi nikanuna, na moyoni nikafurahi mno. Ulikuwa unarudi, ndugu yangu. Nilikuona kwa macho yangu unarudi.

Kisha akaja yule afisa wa elimu ya watu wazima na habari ya taa. Kijiji kitakachoonyesha kuwa watu wake wanasoma, kitapewa karabai. Mwenyekiti akaniita, akasema tuwatie watu moyo, kwenye mkutano wa kijiji soma majina ya waliosoma na vitabu vyao, wengine waone wivu. Nikasema ndiyo mwenyekiti. Nikafua shati.

Siku ile nilisimama mbele nikasoma, na kila jina watu wanapiga makofi. Fulani, cha pamba, mara mbili. Makofi. Fulani, cha choo, mara moja. Makofi na vicheko, maana choo chenyewe kilikuwa kimebomoka. Nikafika kwako. Maduhu, kama Mungu yupo, nikapandisha sauti. Mara ya sita! Hakuna mtu kijijini aliyefika sita. Nilidhani nakupamba. "Ndugu Maduhu Luhende. Kitabu cha Wenye Huzuni. Mara ya sita."

Makofi hayakuja. Mtu mmoja huko nyuma, nadhani unamjua, akasema, "Kumbe dume zima linafundishwa kulia na karatasi." Mwenyekiti akaona aokoe mkutano. Akasimama na tabasamu lake, akasema kijiji cha Ujamaa hakina huzuni, huzuni tuliiacha kule kwenye matongo tulikotoka. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linalonimaliza. Nilikuwa nimeshika daftari, nakutazama usoni, nikacheka na wenzangu kwa sababu mwenyekiti alikuwa ananitazama. Wewe ulivaa kofia yako ukaendelea kukaa mpaka ajenda ya mwisho, ya mtaro. Ulinyoosha hata mkono kupigia kura mtaro.

Kesho yake watoto wa machungani walikuwa wameshakupa jina. Huzuni anapita. Huzuni mpe njia. Jina lenyewe nilikuwa nimeliandika mimi, kwa wino mwekundu. Ukakirudisha kitabu kimefungwa kwa kitambaa safi, ukasema, "Nimekimaliza." Nilipokifungua nikaona ukurasa umekunjwa pembe katikati. Nilijua hujakimaliza. Nikachukua kalamu nikaandika: kimerudishwa, hali nzuri.

Tukabaki na salamu tu, wewe na mimi. Uliniitikia vizuri kila mara, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu hukuniuliza tena habari za ng'ombe.

Halafu mkeo, mama Kulwa, akaanza kuja. Alikuwa na cheti chake cha kisomo, nikadhani amepata ari. Akaomba cha kuku, nikampa, akakishika mkononi akasimama penye kabati nusu saa nzima. Alikuja hivyo Jumanne na Ijumaa. Siku moja nikasogea, nikaona cha kuku amekibana kwapani na anasoma kile cha kijani, midomo inacheza, kisha anafumba macho na kurudiarudia kama mtoto anayekariri. Unadhani nilijiuliza kwa nini? Niliona kanuni inavunjwa. Nikamwambia, "Shemeji, hapa hatusomi kwa kusimama. Azima, nikuandike."

Aliliangalia lile daftari. Akakirudisha kitabu mahali pake, akaniaga, akaenda. Hakuja tena. Nami nikajipongeza kwamba sasa kuna nidhamu.

Mvua zilizofuata homa ikakukamata, siku sita tu, tukakuzika kando ya Shija. Nilishika jembe siku ile kuliko wote, watu wakanisifu kwa kuchimba. Nilikuwa nachimba ili nisisimame karibu na mkeo.

Lakini alinikuta. Baada ya matanga nilikwenda na viazi vikavu vya michembe kidogo, akanikaribisha kiti, akaendelea kuchambua karanga. Akaniambia bila kunitazama. Kumbe ulikuwa unamsubiri njia ya kisimani. Alikuwa anakariri ukurasa mmoja kila akija, anatoka mbio kabla haujampotea, anakupa kwa mdomo. Mnakaa pale mnauzungumza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mto mkawa mnaongea mtu na mkewe. Akasema, "Tulifika pale mtu anapoambiwa amtaje marehemu wake bila kuogopa. Baada ya hapo hatukujua pamesemaje. Alikuwa ananiuliza. Hata kwenye homa aliniuliza."

Nilisema nakwenda kuangalia ng'ombe, na unajua sina ng'ombe.

Nilikuja moja kwa moja hapa, nikafungua kabati nimpelekee kitabu siku ileile. Mkono ukaenda wenyewe kwenye daftari, mazoea. Nikasema haya, jiandike wewe basi, uone. Jina langu, halafu safu ya pili, Kitabu cha Wenye Huzuni. Nakwambia ndugu yangu, kalamu ilikataa. Nilitazama dirishani kama kuna mtu. Mimi mwenye funguo, peke yangu, naogopa mstari mmoja wa daftari langu mwenyewe. Nikajiandika, na nikaapa nitausoma mkutanoni kabla sijakipeleka kitabu.

Nikausoma, mkutano uliofuata. Majina yote, makofi, kisha langu. Nikawaambia jina la kile kitabu nililitunga mimi, na Maduhu hakuwa na kosa ila kumpenda mtoto wake, na siku ile nilicheka na sasa naona aibu mbele yao wote. Sikusema vizuri. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akakohoa, tukaingia kwenye mtaro.

Kitabu nilikipeleka jioni yake. Mama Kulwa alikipokea kwa mikono miwili, akaenda akakaa kati ya makaburi yenu, wewe kulia, Shija kushoto. Mimi nilibaki nje ya uzio, sikukaribishwa. Akafungua palipokunjwa pembe akasoma kwa sauti, polepole, na kidole. Nilisikia kila neno. Hapakuwa na jambo kubwa, Maduhu, ningekuambia siku yoyote ungeniuliza. Paliandikwa kwamba ukishamtaja, kaa kimya kidogo, kisha umtaje tena. Basi.

Akasema, "Shija." Akanyamaza. Akasema tena. Kisha akakutaja wewe.

Alipotoka nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu ya kuomba radhi, marefu, ya kikao. Akanikata. "Sijakusamehe, shemeji. Bado. Ila Ijumaa niletee kile cha kuku, maana nacho sikuwahi kukisoma." Nimempelekea. Ameniuliza maswali ya ule ugonjwa wa mdondo, sikuyajua hata moja.

Jambo moja la mwisho. Yule aliyesema habari ya dume zima, mke wake amejifungua mtoto asiye hai. Juzi alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, pale pale ulipokuwa umesimama wewe. Akasema anataka kile cha kijani, lakini nisimwandike. Nimempa. Mstari wake nimeuacha mtupu. Wiki ijayo afisa anakuja kukagua, atauliza kitabu kiko wapi, nitamwambia kiko kazini. Akitaka taa yake aichukue.

Nakuaga, ng'wana Luhende. Wabeja, asante kwa kuniitikia hata pale nilipokuwa sistahili. Nakuahidi hakuna mtu atakayeandikwa tena kwa ajili ya kinachomuuma, mradi funguo ninazo mimi. Na kila nikipita njia ya kisimani nitafanya kama kitabu kilivyosema, watu wanisikie wakitaka.

Maduhu.

Nimekaa kimya kidogo.

Maduhu.