Kumbukumbu za Kikao cha Kamati ya Vyombo Kuhusu Kutoboa Ngoma ya Marehemu Kagiri

KANISA LA KISIMA CHA NEEMA, MATAWI YA KAWANGWARE NA KIBERA
KAMATI YA VYOMBO VYA MUZIKI

Kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, ndani ya kanisa, Kawangware 46, kuanzia saa tisa alasiri. Mwenyekiti alikuwa ametangaza saa nane.

WALIOHUDHURIA
Mzee Gerishon – Mwenyekiti, na mwenye ploti
Sella – Katibu
Mama Waithira (Mama Kagiri) – Mlezi wa bendi
Maurice – Fundi wa welding
Nelima – Mpiga ngoma, Kawangware
Okeyo – Mpiga ngoma, Kibera

ASIYEHUDHURIA
Gathogo – Mweka hazina. Alituma udhuru wa ugonjwa. Mwenyekiti alisema amempita kwenye kituo cha Satellite akitafuna mahindi choma.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Mama Waithira aliomba. Mwenyekiti aliagiza simu zizimwe, kisha yake ikalia. Alieleza kwamba kwaya ya kina mama inataka jengo saa kumi, na wengine walikuwa wameshafika mlangoni wakichungulia, kwa hivyo watu wasizungushe maneno.

KUMB. NA. 2/06/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Fundi aliripoti kwamba, kama alivyoagizwa, aliichukua floor tom, yaani ile ngoma nene ya miguu mitatu inayokaa kulia kwa mpigaji, akaimwagia saruji miguu yake ndani ya mikebe ya rangi. Ngoma haitembei tena jukwaani.

Nelima alisema haitembei na hailii pia, ni kama kupiga gunia la unga. Fundi alijibu kwamba aliagizwa azuie kutembea, habari ya sauti hakuambiwa. Katibu anathibitisha kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na kwamba kamati nzima ilimpigia makofi. Saruji ilivunjwa kwa nyundo kabla ya kuendelea, na vumbi likatufanya tukohoe.

KUMB. NA. 3/06/2025: KUBAKI NA MIGUU
Ilielezwa kwamba ngoma ni hizo hizo kwa matawi mawili. Jumatano ziko Kibera, upande wa Makina, na Jumapili ziko hapa. Kila zikifika, Okeyo anarefusha miguu na Nelima anaifupisha, mpaka nati zimelika. Jumapili iliyopita, kabla ya saruji, ngoma ilianguka katikati ya maombi ya kimya.

Okeyo alitetea miguu: ni nyepesi kubeba, haiharibu chombo, na mtu anachomeka, anafunga, anapiga. Nelima alikubali hayo yote, ila akasema tangu jukwaa la mbao lijengwe, miguu inapeleka sauti yote kwa mbao, na jukwaa lenyewe limeinama. Mbao zilitolewa na Mwenyekiti. Pendekezo kwamba ngoma irudi chini kwenye sakafu halikuungwa mkono na Mwenyekiti.

Okeyo alisema, "Shida si miguu ya ngoma, ni ya Nelima. Ni mifupi." Nelima alisema, "Na wewe kichwa yako inagonga mabati, mbona hatujaita mkutano?" Mwenyekiti aliamuru maneno hayo yasiandikwe. Katibu aliuliza kwa nini, ilhali yalisemwa mbele ya watu. Yameandikwa.

KUMB. NA. 4/06/2025: KUNING'INIZA BILA KUTOBOA
Fundi alionyesha pete ya chuma aliyochomelea, inayoikamata ngoma kwenye ukingo na kuining'iniza kwenye stendi ya matoazi. Uzuri wake, haitoboi kitu. Ubaya, inafunika skrubu za kukazia ngozi, na ukingo ulikuwa umeshaanza kupinda.

Mwenyekiti alipendekeza mnyororo kutoka kwa paa. Nelima aliuliza, "Mzee, ikibembea nitaipigia wapi?" Pendekezo liliondolewa. Kina mama wa kwaya walibisha mlango.

KUMB. NA. 5/06/2025: KUTOBOA
Fundi alieleza kwamba kipande cha chuma kinaweza kufungwa kwa bolti kwenye ubavu wa mbao wa ngoma, ukishatobolewa, kisha ngoma ikae kwenye stendi yake. Urefu utabadilishwa kwenye stendi, jukwaa liiname litakavyo, na sauti itafunguka. Ila stendi ni nzito kubeba hadi Kibera, na matundu hayazibiki tena.

Ngoma ilikuwa ya Kagiri, kitinda mimba wa Mama Waithira, aliyetutoka mwaka jana. Mama alisema, "Hii ngoma haitobolewi. Kagiri alikuwa anaifunika na sweta yangu isishike vumbi."

Nelima alisema basi kesho hatapiga. "Mama Kagiri, ni yeye alinifunza. Kesho ni ibada ya kumkumbuka. Siwezi kumpigia kitu imekufa." Mwenyekiti alitaka kura ipigwe haraka. Katibu alikataa kuihesabu.

KUMB. NA. 6/06/2025: JARIBIO
Mama Waithira aliomba asikie kwa masikio yake. Ngoma ilipigwa ikiwa imesimama kwa miguu, ikatoa mlio mfupi, butu. Kisha Okeyo aliiinua kwa kuikumbatia, sauti ikafa kabisa, na Mama akamwambia aondoke hapo. Mama mwenyewe na Fundi waliishika kwa ncha za vidole, kwenye vyuma vinavyobana miguu, wakaiinua. Nelima alipiga mara moja.

Sauti ilienda mbali. Kina mama wa kwaya waliacha kubisha mlango.

"Piga tena," Mama alisema. Ikapigwa. Okeyo alitaka kumpokea, lakini Mama alikataa. Alisema, "Hiyo ndiyo ilikuwa inanifikia jikoni. Nilikuwa najua ni yeye."

Katibu alilia, na hilo liandikwe.

UAMUZI: Ngoma itobolewe leo. Mtoa hoja ni Mama Waithira. Okeyo aliunga mkono.

KUMB. NA. 7/06/2025: MENGINEYO
Mama Waithira aliomba awe yeye wa kuishikilia ngoma ikitobolewa. Fundi alimwonya kwamba drili inatikisa sana na vumbi la mbao linaingia machoni.

Alisema, "Sindano zote alizodungwa hospitali, ni mimi nilikuwa nimemshika. Hii pia nitashika."

Kikao kilivunjika saa kumi na nusu, bila sala, kwa kuwa drili ilikuwa imeshawashwa.

Mwenyekiti: Gerishon (sahihi) ............ Tarehe ............

Katibu: Sella (sahihi) ............ Tarehe ............