Karatasi ya Pembe ya Kusini

Las Quilas, 23 Oktoba

Baba yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta goti limetulia, na Mama anakugombeza kwa afya njema kama kawaida yake. Sisi huku hatujambo, tena zaidi ya kutojambo. Baba, kumbe ndoa ni tamu hivi na hamkuniambia! Leo ni siku ya kumi na moja tangu tutoke kanisani, na bado nikiamka humtazama Aliro wangu amelala, nikajiuliza ni nani aliyenipa mwanamume huyu anayenukia nta na asali. Nyuki wake wanamjua kwa hatua zake. Mimi nami nimeanza kumjua hivyo.

Uliniuliza siku ya harusi kwa nini fungate tuile Las Quilas, mji ambao wewe hutaki hata kuutaja. Nilicheka nikasema Aliro anataka kuona theluji. Nilikudanganya. Aliro alitaka bahari. Mimi ndiye niliyemwomba, badala ya zawadi ya harusi, tupande Pillankura. Naye, mtu asiyewahi kupanda kitu kirefu kuliko paa la ghala la mizinga, akasema kama ni mlima ninaoutaka, basi na uwe mlima. Nimpende vipi zaidi ya hapo?

Tulimwajiri kiongozi kwa jina la Aliro: Bwana Barrientos na mkewe. Na nilimtaka kiongozi mmoja tu. Ndiyo, Baba. Evaristo Sanhueza.

Hakunitambua. Mara ya mwisho aliponiona nilikuwa na miaka kumi na sita na nywele za kusuka, nimekaa nyuma kwenye ukumbi wa viongozi wa mlima siku aliposimama akasema alipanda kilele cha Pembe ya Kusini kesho yake baada yako, na hakukuta kopo wala karatasi uliyosema umeiacha, ila barafu tupu. Kwa hiyo, akasema, wewe Eleodoro Huenchul ni mwongo. Wakakuvua beji siku hiyohiyo. Picha yake ingali ukutani pale, mtu wa kwanza kufika Pembe. Miaka tisa nimekuwa nikila mkate wangu na sentensi ile moja.

Tulianza alfajiri. Hali ya hewa ya Oktoba unaijua: inabadilisha nguo mara nne kabla ya chakula cha mchana. Kwenye miti ya pewen kulikuwa shwari na theluji ngumu kama sahani. Saa mbili ikaja theluji ya mvua, ikatulowanisha shingo. Saa tatu jua likawaka, theluji ikawa uji, na Aliro akawa anazama hadi magotini huku akiomba radhi kila anapozama, kana kwamba anaukanyaga mlima vidole. Evaristo alitutania njia nzima. Aliniambia, “Bibi harusi, hilo ni shoka la barafu, si mwiko wa mchuzi wa kazuela.” Akamgeukia Aliro: “Na wewe mzee wa nyuki, huku juu hakuna maua.” Aliro wangu, anahema kama mvukuto, akamjibu kwamba yeye ua lake amekuja nalo. Baba, nilitaka kumbusu palepale, ila pua ilikuwa imeganda.

Saa sita kasorobo tukafika ukingo wa kasoko, mdomo wa volkano. Moshi wa kiberiti ukatukohoza, tukala mkate uliookwa majivuni, na Evaristo akasema hongereni, sasa tushuke, upepo wa puelche unageuka. Nikasema mimi nataka Pembe ya Kusini. Akacheka. Alisema Pembe imefungwa, mawe yake yameoza. Yeye mwenyewe ndiye huifunga kila mwaka kwa usalama wa watu. “Binti, ile si njia ya kwenda kwa mama mkwe.” Nikamuuliza kwa upole si yeye aliyefika huko peke yake, kwa saa mbili tu, tena kwenye barafu? Akaanza kufunga mkoba wake. Nami nikaanza kutembea, Aliro nyuma yangu kwenye kamba, bila kuuliza hata neno moja. Kiongozi haachi wateja mlimani, kwa hiyo Evaristo akajifunga kwenye kamba yetu akatufuata, akitukana njia nzima.

Baba, njia ile nimeitembea jikoni kwetu mara mia kwa maneno yako. Shika kushoto kwa mawe mekundu. Moshi uwe mgongoni. Penye ufa usiruke, keti uteleze. Kila kitu kilikuwa mahali ulipokiacha. Na rundo la mawe lilikuwepo, na chini yake kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimeshika kutu. Aliro alikifungua kwa meno ya shoka. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Moja tu.

Nilimpa Evaristo aisome kwa sauti. “Eleodoro Huenchul, peke yangu, 14 Oktoba, saa saba mchana. Puelche. Mkate alionipa Ismenia nimekula nusu, nusu nimeuachia mlima.” Alipofika kwenye jina langu alivua miwani akanitazama. Nikavua yangu. Nikamwambia, “Shikamoo, Don Evaristo. Yako iko wapi?” Akajifungua kamba kwa hasira, akasema upuuzi mtupu, anashuka zake. Hatua tano, wingu likatufunika, akasimama. Hakujua pa kukanyaga. Hajawahi kufika pale maishani mwake.

Basi nikamfunga katikati yetu, nikamshusha. Saa kumi tulikuwa chini.

Ningeweza kuishia hapo, Baba, lakini wewe ulinilea kusema lote, na kuna kipande nimekiruka.

Sikumfunga kamba mara moja. Nilikaa juu ya jiwe nikaikumbatia kamba. Aliniita binti, kisha bibi, mwisho akaniita mama. Aliniambia ana wajukuu. Nikamwambia hata mimi nina baba. Nikamtupia kalamu na daftari, nikasema aandike. Alikataa kwa dakika arobaini, meno yanagongana, upepo unatupiga theluji usoni, na nilifurahi, Baba. Nilikuwa na furaha kama ya siku ya harusi yangu. Mwisho akaandika kwamba hakuwahi kufika Pembe kabla ya siku ile na kwamba wewe ulisema kweli, akatia sahihi.

Lakini katika dakika zile arobaini Aliro alikuwa amevua glavu yake moja akampa Evaristo, ambaye zake zilikuwa zimelowa, ili aweze kushika kalamu, bila kuniambia. Vidole viwili vya Aliro vimefungwa bendeji. Daktari anasema vitapona. Pete haiingii, anaivaa shingoni kwa uzi. Nilipolia aliniambia, “Mke wangu, nyuki akiuma hufa, wewe umeuma na uko hai, acha nishukuru.” Kwa vidole hivyo naomba msamaha kila siku. Kwa Evaristo siombi.

Utauliza karatasi aliyoiandika iko wapi. Iko kwenye kopo. Ningeishusha mimi wangesema nimeighushi. Unajua desturi kuliko mimi: anayefika huchukua karatasi ya aliyemtangulia, huacha yake, na aliyoichukua huisoma mbele ya wote ukumbini kabla ya kumrudishia mwenyewe. Wapandaji wa Ajentina wanakuja Desemba, na hao hawamtii Evaristo. Nimewaandikia kwamba Pembe inapitika, na njia yake nimewachorea. Yeye anajua. Anayo nafasi ya kwenda kuitoa kabla yao, na njia ni ileile. Kila asubuhi tukipita kununua maandazi ya sopaipilla namwona dirishani, kikombe cha chai ya mate mkononi, anautazama mlima. Bado hajafunga viatu.

Yako haitasomwa ukumbini kabla ya yake; nimekufungia humu, kwa mikono miwili.

Msalimie Mama, mwambie mkwewe anakula vizuri. Aliro anakusalimu kwa heshima zote, kwa mkono wa kulia. Nawe, Baba, shusha buti zako kutoka msumarini uzipake mafuta. Desemba nataka ukae mstari wa mbele ukumbini.

Mwanao akupendaye,
Ismenia