Gari la Viti Viwili

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimesugua viti vya nyuma tena. Sabuni, magadi, ndimu. Bado vinanuka omena. Juzi nilibeba watu sita na gunia lao la vidagaa hivyo kutoka kituo cha basi hadi Kawangware, na mtoto akatapika juu ya gunia. Hakuna aliyefuta. Walishuka, wakaniombea baraka, wakaenda zao.

Ndivyo ilivyo katika chama chetu cha watu wa Maragoli. Mgeni akifika, mgonjwa akiletwa, mtu akifa, binamu yangu Shadraka, ambaye ndiye katibu, huita kwanza wenye magari. Wenye magari tuko watatu. Mwenye stesheni wagoni, gari refu la kuingia jeneza, ni mimi peke yangu. Kwa hiyo majeneza yote ni yangu.

Basi. Naiuza.

Alhamisi, 7 Machi

Imeenda. Mchinjaji wa Kenyatta Market. Harufu haitamsumbua.

Nimeona magari mawili ya spoti, bei karibu sawa, na zaidi ya hapo sina. Jeupe ni la Kijapani, liko Dagoretti Corner. Paa la bati, vipuri tele, halinywi petroli. Jekundu ni la Kiingereza, la Mzungu wa Lavington anayerudi kwao. Paa la turubai. Liko chini kiasi kwamba mtu huingia kama anayeketi sakafuni.

Jumamosi, 9 Machi

Mutua, fundi wangu, Mkamba asiyejua kubembeleza, ameyakagua yote mawili. "Bwana Elamu, hii nyeupe utaendesha mpaka uzeeke. Hii nyekundu tutakuwa tunaonana kila wiki. Mimi sikatai, nitakula."

Ni kweli tupu. Mvua inakuja, barabara yetu ya Uthiru ni matope, na kazini naenda kila siku. Lakini jeupe lina kibenchi nyuma. Mutua anasema ni cha watoto wawili. Nawajua watu wangu. Penye nafasi ya watoto wawili wataingia watu wazima wanne na mbuzi.

Jekundu lina viti viwili. Changu, na cha Senje Rasoa akija. Senje ni dada ya baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Huyo tu ndiye niliyewahi kumbeba kwa moyo mweupe. Kila mara huja na kuku wa kunipa mkononi, hata nikimkataza. Atakaa mbele na kitambaa chake kichwani.

Wengine wapande basi.

Jumanne, 12 Machi

Nimenunua jekundu. Mutua alicheka tu.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Turubai linavuja juu ya goti langu. Nimeingia ofisini suruali imelowa, na wapiga chapa wakabana vicheko. Kiti kinanuka mbwa aliyenyeshewa. Bomba la moshi limeng'oka karibu na nyumbani. Nililifunga kwa waya huku nimelala kwenye tope. Uchafu mtupu.

Lakini tangu nilinunue sijaombwa lifti hata mara moja. Nilimpita Shadraka kituoni. Alilitazama gari, akanipungia mkono, akaendelea kungoja. Raha iliyoje!

Jumapili, 7 Aprili

Baada ya ibada Shadraka ananiambia, kama anayezungumzia mvua, kwamba Senje amefika salama. Amefika wapi? Nyumbani Maragoli. Alikuwa hapa Nairobi wiki nzima, kwa Shadraka, Kawangware. Macho. Daktari amesema moja limekwisha na la pili halitamaliza mwaka.

Nikauliza mbona sikuambiwa.

"Si tuliambia wenye gari, wampeleke hospitali. Yako ingembeba, na wa kumshika angekaa wapi? Tukaona tusikusumbue."

Hakuwa na kinyongo. Hilo ndilo linalonichoma. Senje aliniulizia kila jioni, wakamwambia kazi imenibana.

Nilitaka kumzaba kofi pale pale kanisani. Sasa niko nyumbani, na anayenitia kinyaa si yeye.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimepitia Kawangware kutoka kazini. Mke wa Shadraka amenipa kuku, tetea mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Ni Senje aliyeniachia. "Alisema nikwambie huyu alimchagua mwenyewe, kabla macho haijaisha."

Nikamweka kwenye kile kiti kingine. Njia nzima hakupiga kelele.

Ijumaa Kuu nitapanda basi kwenda Maragoli.

Kuku nimemfungulia jikoni, anakula mtama. Amekinyea kiti cha gari. Sijakifuta.