Kwa Binamu Asiyenyanyua Chuma

Mpendwa binamu yangu Kombo,

Salamu zikufikie huko Tanga kwa kaka yako. Mie mzima, tena zaidi ya mzima. Kama hujasikia, basi sikia kwangu mwenyewe: katika Pemba nzima, kutoka Konde mpaka mwisho wa kisiwa kule kusini, hakuna kijana mwenye mwili kama wangu. Juzi kwenye mchezo wa ng'ombe lile dume jeusi lilikata kamba. Watu wakakimbia, wengine wakapanda miti na vikoi vyao mkononi, mie nikabaki nimesimama na singlendi yangu. Likanitazama usoni. Likatazama mikono. Wallahi Kombo, likageuka likarudi lenyewe kwenye kigingi, likasimama kungoja kufungwa.

Najua hapo umecheka na umesema, "Saruji, muongo weye." Cheka. Mie nimeanza hivyo kwa sababu sijui kuanza vyengine. Na barua hii sikutumii peke yako. Naiweka kwenye grupu la kijiji kwenye simu, lile ambalo Mjomba yumo, na majirani wote, na vijana wangu wa jimu. Wakikuta makosa ya kuandika wanisamehe. Shule niliishia kidato cha pili, na hata hicho nilikikalia nyuma kabisa karibu na dirisha.

Karafuu zimeanza kuwa nyekundu, binamu. Mjomba, babako, keshatafuta wachumaji kutoka Gando, na jina lako halimo. Hapa kila mtu anajua ulianguka mkarafuuni msimu uliopita ukavunjika mkono, na kila mtu anajua kwa nini. Wanasema mkono uliachia. Wanasema ungekuwa unanyanyua chuma kama mie, usingeachia. Wewe, uliyekuwa mchumaji wa kwanza kuitwa na kila mwenye shamba, leo ni mfano wa kuwaonya watoto.

Unaikumbuka jimu yangu nyuma ya nyumba ya Bibi? Yale makopo ya rangi niliyoyaokota kwenye ujenzi, nikayajaza saruji na kuyaunganisha kwa bomba la maji. Wewe ndiye uliyenisaidia kukoroga saruji ile. Ilipokauka ukaitazama kidogo, ukaenda zako kunawa mikono.

"Njoo unyanyue," nikakwambia.

"Sinyanyui."

"Unaogopa?"

"Sinyanyui tu, yakhe. Kwani mtu lazima aogope?"

Nikakupa jina la Ufito siku ile ile, mbele ya watu, nawe ukanipa la Saruji. Langu lilinikaa vizuri, nikaliandika kwa chokaa ukutani. Lako nililitumia vibaya. Nilikuita dukani, nilikuita tukitoka msikitini, nilikuita mbele ya wasichana wanaokwenda kisimani. Nilisema ukipiga chafya utajikuta Wete. Nilisema kanzu yako ikianikwa kambani mtu hajui kama umo ama humo. Ukacheka pamoja nao, nami nikadhani mtu akicheka ndiyo haumii.

Bibi peke yake ndiye aliyekuwa ananiweza. Siku moja nina kopo juu ya kichwa, mishipa ya shingo imesimama, akatokea na bakuli lake la makonyo, vile vikonyo vya karafuu anavyovichambua, akanitazama.

"Mume wangu, huo mzigo unaupeleka wapi?"

"Siupeleki popote, Bibi."

"Basi utue."

Ulicheka wewe mpaka ukakaa chini. Mie nilikasirika siku nzima.

Sababu yako uliwahi kunipa, na uliitoa vizuri, ila masikio yangu wakati ule yalikuwa yamejaa saruji nayo. Tulikuwa tunarudi kutoka bondeni, wewe na pakacha la karafuu begani, mie mikono mitupu maana nilisema leo ni siku ya kupumzisha misuli. Nikakubana. Nikakwambia mtoto wa kiume asiyenyanyua ana lake jambo, aseme.

"Unaujua ule mkarafuu wa baba, ule mrefu?" ukasema. "Tawi lake la juu linanibeba mie na pakacha, basi. Nikiongeza mwili, halinibebi. Mti hauulizi kama ni mafuta ama misuli. Mti unauliza uzito tu."

"Kwa hiyo weye unaishi kwa kuuogopa mti."

"Naishi nao."

Nilikwenda kuwasimulia wenzangu wa jimu maneno hayo kwa sauti ya kukuigiza, tukayacheka.

Tangu uondoke nimekuwa nikiuliza watu. Nauliza kama mzaha, lakini nauliza. Fundi wa cherehani pale Konde kaniambia mkono wake ukishachoka na chuma hutetemeka, na uzi hauingii kwenye sindano kwa mkono unaotetemeka. Mvuvi mmoja kasema tangu alfajiri anavuta nyavu, akifika kwake hataki kuvuta hata mlango. Shehe wa chuoni anaogopa mshipa wa ngiri, maana ulimshuka babake kwa kubeba magunia, na babake hakukaa vizuri tena. Dada yangu Mwanaisha nilimuuliza ana ndoo kichwani na nyengine mkononi, akanijibu bila ya kusimama, "Kwani hivi ninavyobeba mie ni maua?" Na yupo mmoja aliyenambia hapendi, basi. Nikamwambia hiyo si sababu. Akanambia, "Weye ulipoanza kupenda ulimpa nani sababu?" Nikaenda kumuuliza mwengine.

Nilikuwa nawauliza nikitafuta mmoja tu wa kunambia kwamba ulikosea wewe. Mtu mmoja tu, nilale. Sikumpata. Kila aliyekataa chuma alikuwa anajua mwili wake anautumia kwa kazi gani. Mie wangu nilikuwa sijui ni wa kazi gani, ila wa kutazamwa.

Sasa niseme ile siku, kwa namna inavyosimuliwa hapa kijijini.

Asubuhi ile Mjomba alinikuta nimefika shambani kifua wazi, akanambia, "Weye kaa chini, ubebe mapakacha." Wanawake wa kuokota wakacheka. Nikaona nimedharauliwa: mwili wote ule, nibebe mapakacha? Mjomba alipokwenda upande wa pili wa shamba, nikapanda mti wako, ule mrefu. Baadaye kidogo watu wakasikia kishindo na ukelele. Walipofika, wewe uko chini, mkono umekaa upande ambao mkono haukai, na mie nateremka kwenye shina.

Nilikubeba, Kombo. Hilo ni kweli, na watu wote wameliona. Nilikubeba mikononi kutoka bondeni mpaka barabarani bila ya kukutua, na nikapanda nawe kilima chote kile ambacho watu wazima hukipanda wakishika magoti. Ndiyo siku pekee nguvu zangu zilipokwenda pahala. Njiani watu wanatufuata, wanapiga makofi mapajani, wanasema, "Mtazameni huyu! Angekuwa mwengine angeshamtupa." Mmoja akauliza, "Kaangukaje?"

Nami nikajibu, nikihema, "Tawi limekatika. Mkono umemwachia. Si hana mazoezi huyu."

Ulikuwa mikononi mwangu. Kichwa chako kilikuwa hapa, kwenye kifua hiki ninachojivunia. Ulinitazama, halafu ukafumba macho.

Tukapanda gari ya kwenda Wete. Hospitali walipokwisha kukufunga, Mjomba katoka kununua maji, ukaniambia neno moja tu, "Utasema mwenyewe."

Nikajibu, "Nitasema."

Nilirudi kijijini nikapokelewa kama niliyetoka Makka. Vijana waliokuwa wananicheka wakaja kuomba kunyanyua. Ikabidi nitengeneze makopo mengine. Na kila aliyelegea nilikuwa namwambia, "Unataka yakukute ya Kombo?" Nilisema hivyo, binamu. Nililisema mara nyingi mpaka likawa kama salamu ya jimu, na mwisho wakawa wanaambizana wenyewe.

Mkono wako ukaunga. Ulirudi shambani, Mjomba akakwambia mbele ya watu, tena kwa huruma, "Mwanangu, wewe pumzika. Mkono ukishaachia mara moja hauaminiki." Mie nilikuwa pale. Nilikuwa nimebeba mapakacha, kazi ile ile niliyoikataa, na nililiweka moja begani upande wa kwako ili nisikuone. Wiki ile ukafunga begi lako ukaenda Tanga. Uliniaga kwa mkono, ule ule, ukaniminya kidogo kama unanipima. Nikakwambia, "Ufito, kale unenepe huko." Hata hapo.

Bibi hakupata kuamini. Kila akikaa na bakuli lake huniuliza, "Mume wangu, yule mwenzio kapanda mikarafuu tangu hajaota meno ya pili. Siku ile kilimwachia nini?" Kila akiuliza mie nainuka naenda kunyanyua kopo, maana ukiwa chini ya chuma huwezi kusema na mtu hakulaumu. Juzi kaniuliza tena, na nilipoinuka akanishika kikoi. Mkono wa Bibi hauna nguvu ya kuvunja njugu, nami sikuweza kujinasua. Nikaondoka pale nikaja kuandika barua hii.

Sikuombi urudi. Hilo ni lako na babako. Vijana wa jimu, nanyi mnaosoma hapa, anayetaka kunyanyua anyanyue, anayekataa mwacheni, wala msimtie jina. Mjomba, shikamoo, nakuomba usome mpaka chini kabisa kabla hujaja kunipiga. Nitakuwa nyumbani kwa Bibi, sitakimbia.

Nawe Kombo, nikuage kabisa sasa, maana nikishasema haya sitajua niweke wapi mkono wa kukuagia. Ukae salama. Ule vizuri. Wasalimie wa huko wanaokuona mwembamba na hawajui ulikuwa nani kwetu.

Ulikuwa juu, miguu kwenye tawi lile, mkono wa kulia umeshika tawi jengine la juu yake, wa kushoto unachuma. Ukanisikia napanda. Ukasema, "Saruji, ishia hapo kwenye panda ya shina. Tawi hili halitubebi sote." Nilikusikia vizuri. Kicheko cha wale wanawake kilikuwa bado masikioni mwangu, nami nikasema, "Leo litajua limebeba nani." Nikakanyaga. Likalia mara moja, na chini ya miguu yetu hapakuwa na kitu tena.

Wewe hukuanguka. Ulibaki umening'inia kwa mkono mmoja, ule mwembamba ambao haujapata kugusa chuma changu, nao ulikuwa umekubeba wewe mzima, na mguu wako ulikuwa ushaanza kutafuta pengine pa kukanyaga. Mie na misuli yangu yote sikuwa na pa kushika. Nikaushika mkono huo. Nikajivuta nao kama kamba mpaka nikalifikia shina, nikalikumbatia, nikasikia kishindo chini.

Mkono wako haukuachia, Kombo. Mie ndiye niliyeubandua.

Mtoto wa shangazi yako