Kabla Hujauza Nyumba ya Mose

Manga, Nyamira.
13 Julai 2025.

Mpendwa mwanangu Duke,

Pokea salamu nyingi zangu. Uko salama, tata? Celestine na watoto je? Na kile kikohozi chako, ulienda hospitali ama unanidanganya tu umepona? Mimi niko sawa, ni mgongo unanisumbua nikichuma majani chai. Huku ni baridi. Nyinyi huko Mombasa mnatoa jasho, shukuruni.

Nimeandika kwa sababu kwa simu nitalia, halafu wewe utasema network imepotea.

Ni juu ya ile nyumba ya marehemu ndugu yako Mose, unayouza pale Nyamira. Juzi broka Ombui alileta wanunuzi, Anyona na mke wake Esnah. Wako na mtoto mchanga, mnono kweli. Nilikuwa nimeamua nitafungua mlango tu, ninyamaze. Lakini Esnah akaingia chumba cha nyuma akafurahi. "Hapa ni padogo, patashika joto. Nitalala hapa na mtoto, jioni naingiza jiko."

Tata, unakijua hicho chumba. Ni pale pale Mose aliingiza jiko la makaa, akafunga mlango, na asubuhi hakuamka. Na hicho chumba mpaka leo hakina dirisha. Ombui amepaka rangi tu.

Nikamshika Esnah mkono. "Mama, usilete jiko hapa. Kijana wangu alifia hapa." Nikamweleza yote.

Ombui akanivuta nje. "Mama Duke, unauza nyumba ama unafukuza watu?"

"Wewe Ombui, ungelaza mtoto wako hapo?"

Kisha akasema ni wewe ulimwambia jambo hilo lifichwe.

Sijakasirika, mwanangu. Najua mnangojea hiyo nyumba iuzwe ndio mtoke kwa chumba kimoja, watoto wapate mahali pa kulala. Na najua tangu tumzike Mose hujataja jina lake, hata kwa maombi. Bado unaumia.

Sasa, jana Esnah alirudi na mume wake. Nyumba bado wanaitaka, watatoboa dirisha kubwa. Lakini Anyona amekataa kuongea na Ombui. Anataka kusikia kwa mwenye nyumba mwenyewe, na anauliza kama kuna kingine mnaficha. Usipompigia wiki hii, wanaenda kutafuta nyumba nyingine kule Keroka. Sitawalaumu.

Shangazi yako Orpah, anayekuletea barua hii, ana namba ya Anyona. Anawapenda sana, mkaribisheni vizuri. Nisalimie Celestine, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu awafunike mkilala, awaamshe nyote.

Mpigie Anyona, tata. Mwambie ulikuwa na ndugu, anaitwa Mose. Ukishasema hilo, mengine yatatoka.

Ni mimi mama yako, nisiyechoka kukupenda,
Nyakerario